Jinsi ya Kuweka Kumbukumbu za Uenezi wa Popo katika Msitu wa Kakamega na Maeneo Jirani

Msitu wa Kakamega ni kipande cha mwisho, upande wa mashariki, cha ukanda mkubwa wa misitu ya mvua unaoanzia Afrika Magharibi na kupitia bonde la Kongo. Kwa anayechunguza popo, jambo hilo si la kupita tu, kwa kuwa spishi kadhaa ambazo ramani zake zimejaa nukta nchini Kongo na Uganda hukomea hapa, au hudhaniwa kukomea hapa. Nukta moja iliyothibitishwa Isecheno, Kisere au katika misitu ya Nandi inaweza kuusogeza mpaka wa uenezi wa spishi nzima, na nukta moja ya makosa inaweza kuusogeza vilevile, kisha ikakaa kwenye ramani miaka na miaka kabla ya mtu kuitilia shaka. Ndiyo maana katika mwongozo huu nitasema machache kuhusu kumnasa popo na mengi kuhusu kuandika kumbukumbu ambayo mtu asiyekujua ataweza kuihakiki wewe ukiwa haupo.

Kazi huanzia mezani

Kabla ya kununua hata kamba ya kufungia wavu, kusanya kumbukumbu zilizokwisha kuwekwa. Sampuli za popo wa Kenya zimehifadhiwa katika Makavazi ya Taifa jijini Nairobi na katika makumbusho kadhaa ya Ulaya na Marekani, na nyingi kati ya kumbukumbu hizo zinapatikana katika GBIF, hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za viumbe hai. Usizichukue kama zilivyo. Maeneo yaliyo kati ya Naivasha na Ziwa Viktoria yalihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda hadi mwaka 1902, kwa hiyo kibandiko cha mwisho wa karne ya 19 kilichoandikwa “Uganda” huenda kinazungumzia mahali ambapo leo ni Kisumu au Nakuru. Kisumu yenyewe iliwahi kuitwa Port Florence, na jina Kavirondo lilitandazwa juu ya eneo pana mno, likiwajumuisha Waluhya na Wajaluo bila kutofautisha. Mtu anayeweka nukta katikati ya “Kavirondo” na kuendelea na safari yake anachora tu, hajaweka kumbukumbu ya popo.

Majina ya popo nayo hubadilika. Popo wa matunda aliyejulikana kama Lissonycteris angolensis sasa huwekwa katika jenasi Myonycteris, na yule mkubwa wa mashimo ya miti aliyeitwa Hipposideros cyclops leo huitwa Doryrhina cyclops. Mabadiliko ya jina peke yake hayana taabu. Taabu huja pale spishi moja inapogawanywa kuwa mbili au tatu, kwa sababu hapo kumbukumbu zote za zamani zisizo na sampuli hazijulikani tena ni za nani. Mwaka 2020 wataalamu walipopitia upya popo wadogo wa Afrika Mashariki walieleza spishi mpya iitwayo Pseudoromicia nyanza, ambayo jina lake linatokana na Nyanza yetu hii. Wanyama hao hawakuhamia hapa mwaka huo. Walikuwepo siku zote, ila waliandikwa kwa majina ya jamaa zao.

Kitabu cha kutambulia ambacho ningemshauri kila anayeanza akitafute ni funguo za popo wa Afrika Mashariki zilizotolewa mwaka 2012 na Bruce Patterson na Paul Webala. Hata hivyo, andika pembeni majina yaliyobadilika tangu wakati huo.

Vibali na afya

Utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na kibali cha wanaosimamia eneo lenyewe. Sehemu ya kaskazini ya msitu, yaani Buyangu na Kisere, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985 na iko chini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya, ilhali Isecheno iko chini ya Shirika la Misitu. Utafiti wa wanyamapori hupitia pia Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori yenye makao yake Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru. Ukikusudia kuchukua vipande vya ngozi kwa ajili ya vinasaba, hilo ni ombi la ziada. Anza mapema kuliko unavyodhani inafaa.

Kuhusu afya sitalegeza lugha. Popo wa Kenya wamepatikana na virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa, na popo wa mapangoni Rousettus aegyptiacus ndiye mwenyeji wa virusi vya Marburg. Wagonjwa wawili, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, walikuwa wamezuru pango la Kitum katika Mlima Elgon kabla ya kuugua. Mtu ambaye hajachanjwa kinga ya kichaa cha mbwa asimshike popo hata mmoja, hata aliye mdogo kama kidole. Glavu za ngozi huvaliwa kila wakati, akiumwa mtu jeraha huoshwa kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 na safari ya hospitali huanza usiku huohuo. Ndani ya mapango hakuna anayeingia bila barakoa inayofaa na vazi la kufunika mwili, na asiye na sababu ya kuingia abaki nje ahesabu wanaotoka.

Kuchagua mahali

Kosa la kawaida ni kutega pale gari linapofika. Ukifanya hivyo kwa miaka mitatu utakuwa na ramani nzuri sana ya barabara ya Isecheno. Gawa eneo lako katika miraba, kwa mfano ya kilomita 2 kwa 2, kisha chagua miraba ndani ya kila aina ya mazingira: msitu mkongwe, msitu uliowahi kukatwa, vipande vilivyojitenga kama Malava na Kaimosi, kingo za mito Isiukhu na Yala, mashamba ya chai yanayopakana na msitu, miwa, na maboma ya watu. Usiyadharau maboma. Popo mdogo Afronycteris nana hulala ndani ya jani changa la mgomba lililojikunja, na popo wenye mkia ulio huru hujaa juu ya dari za shule na makanisa ya mabati. Harufu itakuelekeza kabla ya macho.

Zingatia mwinuko pia. Kutoka Kisumu, karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hadi Kakamega yenye mita 1,500 na zaidi, kisha kupanda ukingo wa Nandi, ni mwendo mfupi kwa matatu, lakini kwa popo ni nchi tofauti. Spishi ikionekana Kakamega na isionekane Nandi, swali la kwanza ni kama kinachoizuia ni baridi ya juu au ni mashamba yaliyo katikati, na hutaweza kulijibu kama hukutega pia katika miinuko ya kati.

Nyavu na usiku wake

Nyavu zinazotumika ni za nyuzi nyembamba mno, zenye urefu wa mita 6, 9 au 12, na hufungwa kati ya milingoti miwili kukatiza njia ambayo popo hupitia: juu ya kijito, kwenye kijia cha msituni, kando ya mkuyu wenye matunda au kwenye mapera ya ukingoni. Zifungue jua linapozama, yaani kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, na uzipitie kila baada ya dakika 10 hadi 15. Popo anayeachwa humo huumia, huitafuna nyavu, au huliwa na mnyama mwingine. Mvua ikianza, funga. Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi hunyesha alasiri na kuendelea hadi jioni, kwa hiyo usiku mwingine utakuwa wa kunywa chai na kusubiri. Uandike hivyohivyo kwamba nyavu hazikufunguliwa.

Usiku wa mbalamwezi popo wengi wa kitropiki, hasa wala matunda, hupunguza mizunguko yao au hujificha chini ya vivuli. Panga safari zako katika wiki ya giza, au angalau andika hali ya mwezi.

Wavu wa chini hunasa wa chini. Miti ya Kakamega hupita mita 30, na wapo popo wanaoishi juu huko bila kushuka. Wavu unaovutwa kwa kamba na kapi hadi kwenye matawi ni kazi ya watu watatu na subira nyingi, lakini bila huo hutakuwa na haki ya kusema kuwa fulani hayupo.

Kwa kila wavu andika urefu wake, saa ya kuufungua na saa ya kuufunga. Nyavu tano za mita 12 zilizokaa wazi kwa muda wa saa nne ni sawa na mita-saa 240, na tarakimu hiyo ndiyo itakayokuwezesha kulinganisha usiku wako na wa mtu mwingine. Usiku ambao haukunasa kitu una mita-saa zilezile, na unaingia daftarini kama usiku mwingine wowote.

Popo mkononi

Mtie kila popo katika mfuko wake wa kitambaa na umtoe mmoja mmoja. Jike mwenye mtoto kifuani au mwenye mimba kubwa hupimwa kwanza, au huachiliwa papo hapo. Pima urefu wa kigasha kwa milimita, ambacho ndicho kipimo cha msingi kwa popo wote, kisha uzito, jinsia na hali ya uzazi. Umri hutazamwa kwa kuliweka bawa mbele ya taa: viungo vya vidole vya mtoto hupitisha mwanga kwa kuwa bado ni gegedu, na vya mkubwa huonekana kama fundo lililokaza.

Picha ndizo zitakazokutetea baadaye. Popo wa jenasi Epomophorus hutofautishwa kwa mpangilio wa mikunjo ya kaakaa, kwa hiyo picha ya uso mzuri wenye masikio haimsaidii mtu. Mfungue kinywa taratibu kwa kijiti laini na upige picha ya kaakaa. Kwa popo wa Rhinolophus, ambao nyama ya pua zao ina umbo la kwato ya farasi, piga kutoka mbele na kutoka ubavuni, kwa sababu kiungo kinachosimama katikati ya pua huamua mengi. Kwa wale wadogo wa kahawia wanaofanana wote, na hapa nasema kwa uchungu wa aliyekosea mara nyingi, picha haitoshi: kipande cha utando wa bawa cha milimita 2 au 3, kilichohifadhiwa katika alkoholi, ndicho kitakachosema ukweli.

Dume la Hypsignathus monstrosus halihitaji yote hayo. Ni kubwa, lina pua iliyovimba kama kichwa cha farasi, na hupiga kelele usiku kucha katika miti ya kando ya mito likiita majike. Ni spishi ya misitu ya Kongo ambayo uenezi wake hufika magharibi mwa Kenya, na ukiisikia sauti yake, irekodi hata kwa simu.

Kusikiliza

Popo wengi wala wadudu hawatanaswa kamwe, ama kwa sababu hupaa juu mno au kwa sababu huusikia wavu. Hapo ndipo kinasa-sauti cha masafa ya juu kinapohitajika. Kifaa husikia nusu tu ya kasi yake ya kupima sauti, yaani mara kinazoipima kwa sekunde: kilichowekwa kwenye kilohezi 256 hukomea 128, na popo kadhaa wa Hipposideros huita juu ya hapo. Kiweke kwenye 384. Kumbuka pia kuwa sauti za juu hufifia hewani haraka, hivi kwamba popo wa aina hiyo akipita mita kumi kutoka kwenye kinasa anaweza asisikike kabisa, ilhali popo wenye mkia huru, ambao huita kwa sauti nzito na kali, husikika kutoka mbali. Wingi wa rekodi si wingi wa popo.

Popo wa matunda nao karibu wote hawatumii mwangwi wa sauti kujiongoza, isipokuwa Rousettus ambaye hugonga ulimi. Kinasa kikikaa kimya chini ya mkuyu si ushahidi kwamba mkuyu hauna wageni. Kwa wala wadudu, sauti za Rhinolophus na Hipposideros hushikilia masafa mamoja na mara nyingi huitaja spishi, lakini za popo wengine wengi hupanda na kushuka na kuingiliana. Usiiamini programu ya kompyuta iliyofunzwa kwa popo wa Ulaya. Jenga maktaba yako mwenyewe kwa kurekodi popo uliokwisha kuwapima na kuwatambua, wakati unapowaachilia.

Saa ya kinasa ipangwe kwa saa za Afrika Mashariki, au iandikwe wazi kuwa ni ya kimataifa, ambayo iko nyuma kwa saa tatu. Niliwahi kutumia wiki nzima nikishangaa popo waliokuwa wakiruka alasiri ya jua kali.

Kuwauliza wenyeji

Mlinzi wa msitu, mwanamke anayeokota kuni kwa kibali na mzee mwenye mwembe uani wanajua mahali popo wanapolala kuliko kinasa chochote. Salimu, keti, eleza unachofanya, kisha uliza jambo linaloweza kujibika. “Mzee, hawa popo huja hapa mwezi gani, na huondoka lini?” ni swali bora kuliko “Je, mna popo?” Swali la mwezi lina maana maalumu kwa popo wa rangi ya majani makavu, Eidolon helvum, ambao hukaa kwa makundi makubwa mitini, hata katikati ya miji ya magharibi mwa Kenya, na ambao huhama. Mamilioni yao hukusanyika Kasanka nchini Zambia kati ya Oktoba na Desemba. Kumbukumbu ya Eidolon isiyo na tarehe imepoteza nusu ya thamani yake, na mti uliokutwa mtupu Novemba huenda una maelfu yao mwezi mwingine.

Habari ya mdomo iandikwe kama habari ya mdomo. Ni mwongozo wa kwenda kutazama, wala isigeuzwe kuwa nukta mpaka umetazama.

Kuandika mahali

Hapa ndipo ramani nyingi huharibikia, na sisi tunaoishi penye mstari wa Ikweta tuna hatari ya ziada. Kakamega iko kaskazini ya Ikweta, Kisumu na Nakuru ziko kusini, na mstari wenyewe unapita Maseno. Latitudo ya Nakuru ni karibu -0.30, ukisahau alama ya kutoa, popo wako wa Nakuru anajikuta karibu na Ziwa Bogoria. Kosa hili halionekani kwa macho, kwa kuwa nukta bado iko Kenya, bado iko Bonde la Ufa, na kila mtu anatikisa kichwa kukubali. Andika latitudo na longitudo kwa desimali nne, ambazo ni sawa na takriban mita 11, na ueleze kuwa umetumia WGS84, mfumo wa vipimo vya ramani unaotumiwa na GPS. Ramani za zamani za karatasi za Kenya zinatumia mfumo wa Arc 1960, na kuchanganya mifumo hiyo miwili huisogeza nukta kwa takriban mita 300, umbali unaotosha kumtoa popo msituni na kumweka kwenye miwa.

Kila kumbukumbu iwe na ukubwa wa shaka yake kwa mita. Wavu uliopimwa kwa GPS una shaka ya mita 10 au 20. Kibandiko cha mwaka 1910 kilichosema “Kaimosi” kina shaka ya kilomita kadhaa. Zote mbili zinafaa, mradi zisivalishwe nguo moja. Ongeza mwinuko, tarehe kamili, njia iliyotumika, aliyetambua spishi na alichotegemea kuitambua, na namba ya sampuli, picha au faili la sauti. Ukifuata majina ya safu za Darwin Core, kiwango cha kuandikia kumbukumbu za viumbe, kumbukumbu zako zitaweza kuingia GBIF bila kuandikwa upya.

Kusema kuwa hayupo

Tuseme spishi fulani, pale inapoishi, hunaswa katika usiku 3 kati ya kila 10. Ukitega usiku mmoja na usiipate, hujajua kitu. Ukitega usiku 3, bado kuna uwezekano wa asilimia 34 kwamba, hata kama ipo, imekupita. Ni baada ya usiku 9 mtupu ndipo uwezekano huo hushuka chini ya asilimia 5. Hesabu hii ndogo, ya kuzidisha 0.7 kwa yenyewe, huondoa kiburi kingi. Kwa hiyo rudi mahali palepale mara nyingi badala ya kupita kila mahali mara moja, na ufanye hivyo katika majira ya mvua na ya kiangazi.

Kuchora

Poligoni inayozifunga nukta zote za nje huonyesha upana wa uenezi, nayo inakubalika katika tathmini za IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira. Lakini poligoni inayounganisha Kakamega, Elgon na Nandi humeza ndani yake mashamba mengi ya miwa na miji ambamo popo wa msituni hana haja. Ndiyo maana huhesabiwa pia miraba ya kilomita 2 kwa 2 yenye nukta halisi, kila mmoja ukiwa na kilomita za mraba 4. Toa zote mbili. Onyesha kwa alama tofauti kumbukumbu zenye sampuli, zenye picha, za sauti tupu na za zamani, na uonyeshe pia mahali ulipotega bila kupata, kwa alama iliyo wazi ndani, ili msomaji atofautishe pasipo na popo na pasipofikiwa na mtu.

Jambo moja tu lisichapishwe kwa usahihi wote, nalo ni mapango na miti wanamolala kwa wingi. Popo huchomewa moto na kukatiwa miti na watu wanaowaogopa, hivyo katika nakala ya umma kadiria latitudo na longitudo hadi desimali moja, useme kuwa umefanya hivyo, na nakala kamili uikabidhi kwenye hifadhi ya Makavazi pamoja na sampuli, daftari lenyewe la shambani na faili za sauti ambazo hazijakatwa.